Kituo cha Zamani cha Umeme cha Shoreditch, London: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wasomaji huuliza zaidi kuhusu jengo la kuzalishia umeme lililojengwa mwishoni mwa enzi ya Malkia Victoria katika mtaa wa Hoxton, ndani ya eneo la Shoreditch, mashariki mwa London. Limechaguliwa jengo hili kwa sababu mbili: bado limesimama na lina watu ndani yake kila siku, na umeme wake ulitokana na kitu ambacho kila mji unacho na kila mji unakikimbia, yaani taka.

Jengo liko wapi, na lilijengwa lini?

Liko Coronet Street, hatua chache kutoka Hoxton Square, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya halmashauri ya Hackney. Ujenzi ulifanyika mwaka 1896 na 1897, na kituo kikafunguliwa rasmi mwezi Juni 1897, siku chache tu baada ya London kuadhimisha miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria.

Maandishi ya Kilatini yaliyo usoni mwa jengo yana maana gani?

Yameandikwa «E pulvere lux et vis», maana yake «Kutoka vumbini, nuru na nguvu». Wengi huyasoma kama fumbo la kidini, kwa kuwa vumbi na nuru ni maneno yanayokutana mara nyingi katika vitabu vitakatifu. Walioyachonga hawakukusudia fumbo. Walikuwa wakieleza kazi ya jengo lao neno kwa neno.

Ili kuelewa hivyo, yafaa kujua kwamba katika London ya karne ya 19 neno «vumbi» ndilo lililokuwa jina la kawaida la taka za nyumbani. Nyumba zilipashwa joto kwa makaa ya mawe, vyakula vilipikwa kwa makaa ya mawe, na kila asubuhi mtumishi au mama mwenye nyumba alikwangua majivu mekoni na kuyatupa nje. Kwa hiyo sehemu kubwa ya taka za mji, zaidi ya nusu yake, ilikuwa ni majivu pamoja na vipande vya makaa ambavyo havijaungua vyote. Waingereza hadi leo huliita pipa la taka «pipa la vumbi», ingawa siku hizi limejaa plastiki na maganda. Katika vumbi hilo la zamani mlikuwa na moto uliobaki, na jengo hili lilijengwa ili kuutoa.

Neno la mwisho, «vis», nalo halikuwekwa kwa ajili ya kupamba sentensi. Nuru ilikuwa ya taa za barabarani na za majumbani. Nguvu ilikuwa ya kuendeshea mashine za karakana. Kiswahili kinalitafsiri vizuri kuliko lugha nyingi, kwa kuwa sisi husema «nguvu za umeme» bila kufikiri mara mbili.

Nani aliyelijenga? Kampuni au serikali?

Lilijengwa na baraza la parokia ya Mtakatifu Leonard, Shoreditch. Kabla ya mwaka 1900, mitaa ya London haikuwa na halmashauri kama tunavyozijua. Kazi za barabara, mifereji, taka na taa zilikuwa mikononi mwa mabaraza ya parokia, ambayo licha ya jina lake yalikuwa vyombo vya utawala wa kiraia vilivyogharimiwa na kodi za wakazi. Mwaka 1900 baraza hilo lilirithiwa na halmashauri ya Shoreditch, na mwaka 1965 Shoreditch ikaunganishwa na Hackney. Halmashauri ya Shoreditch ilijichagulia kaulimbiu inayosema «Nuru zaidi, nguvu zaidi», jambo linaloonyesha jinsi kituo hiki kilivyoingia katika fahari ya wakazi wake.

Sheria iliyoruhusu jambo hili ilikuwa Sheria ya Taa za Umeme ya mwaka 1882, ambayo ilizipa kampuni binafsi na mabaraza ya umma njia ya kupata kibali cha kusambaza umeme katika eneo fulani. Sehemu kubwa ya London ya matajiri iliangukia mikononi mwa kampuni, kwa sababu wateja wa huko walikuwa na uwezo wa kulipia anasa hiyo mpya. Shoreditch ilikuwa na watu zaidi ya 100,000 waliobanana katika eneo la takriban maili moja ya mraba, na wengi wao walikuwa maskini. Mtu angetarajia mtaa kama huo uwe wa mwisho kuona taa ya umeme. Kwa maoni yetu, jambo la kuheshimiwa zaidi katika historia ya jengo hili ni kwamba baraza la mtaa wa mafundi na vibarua halikungoja kampuni iuone mtaa wao kuwa na faida. Lilijenga kituo lenyewe, na likakijenga kwa uzuri.

Kwa nini kituo cha umeme kijengwe katikati ya nyumba za watu?

Kwa sababu umeme wa siku zile haukuweza kwenda mbali. Vituo vingi vya mwanzo vilisambaza umeme kwa volti ndogo, na umeme wa volti ndogo hupotea njiani: kadiri waya unavyorefuka, taa za mwisho zinafifia, na shaba inayohitajika kuzuia upotevu huo inagharimu fedha nyingi mno. Umbali wa kilomita moja au mbili ulikuwa tayari ni tatizo. Hivyo kituo kilipaswa kuwa jirani na taa zake, kama kisima kinavyopaswa kuwa karibu na wanaochota maji.

Palikuwa na watu waliofikiri tofauti. Mhandisi kijana Sebastian de Ferranti alijenga kituo kikubwa huko Deptford, kando ya mto Thames, ili kupeleka umeme katikati ya London kwa volti 10,000, kiwango ambacho kiliwashangaza wataalamu wa wakati wake. Kilianza kazi mwaka 1889, kikapata misukosuko mingi, lakini njia aliyoionyesha ndiyo ambayo dunia nzima iliifuata baadaye. Shoreditch kilijengwa kwa njia ya wakati wake, na njia hiyo ndiyo iliyokiweka Hoxton, katikati ya watu.

Kwa upande wa taka, ukaribu huo ulikuwa na faida ya pili. Mikokoteni ya farasi iliyokusanya taka mitaani haikuwa na safari ndefu.

Taka ziligeuzwaje kuwa umeme?

Mikokoteni iliingia uani, na mzigo wake ukapandishwa kwa lifti hadi kwenye jukwaa lililokuwa juu ya tanuri. Kutoka hapo taka zilimwagwa ndani ya vyumba vya moto vilivyojengwa kwa matofali yasiyopasuka kwa joto. Shoreditch kilikuwa na vyumba 12 vya aina hiyo, na kati yake zilipangwa boila sita zenye mabomba ya maji. Moto wa taka uliyapasha mabomba hayo, maji yakawa mvuke, mvuke ukaendesha injini, na injini zikazungusha jenereta.

Siri ya tanuri la taka ni hewa. Matanuri ya kwanza ya kuchoma taka nchini Uingereza, yaliyoanza huko Nottingham miaka ya 1870, yalitegemea mvuto wa dohani peke yake, na moto wake ulikuwa wa kufifia, wenye moshi na harufu mbaya. Wahandisi walipoanza kusukuma hewa kwa nguvu chini ya chanja za moto, joto lilipanda, taka zikaungua kwa haraka, na kwa mara ya kwanza joto hilo likawa la kutosha kuendeshea mtambo. Bila feni, jengo hili lingekuwa jaa lenye paa.

Kilichobaki baada ya kuungua kilikuwa ni mabonge magumu yanayofanana na mawe ya volkano, ambayo mafundi waliyavunja na kuyatumia katika chokaa ya kujengea na vibamba vya kutandaza njia za miguu. Mabonge hayo yalifikia robo hadi theluthi ya uzito wa taka zilizoingia, kwa hiyo si kweli kwamba taka zilitoweka. Zilipungua, zikasafika, na sehemu yake ikarudi mitaani ikiwa chini ya viatu vya watu.

Taka hukusanywa mchana, lakini taa huwashwa usiku. Tatizo hilo lilitatuliwaje?

Hili ni swali zuri, na ndilo lililowasumbua wahandisi wenyewe. Tanuri la taka halipendi kuzimwa na kuwashwa. Hufanya kazi vizuri likichochewa kwa mfululizo, usiku na mchana. Mahitaji ya taa, kwa upande mwingine, huanza jua linapozama, hufika kilele saa chache za jioni, kisha hushuka watu wanapolala. Kama joto la mchana lisingehifadhiwa, lingepotea kupitia dohani.

Betri kubwa zilikuwepo, lakini zilikuwa ghali na ziliharibika upesi. Shoreditch kiliweka mfumo uliobuniwa na mhandisi Druitt Halpin, ambao badala ya kuhifadhi umeme ulihifadhi joto. Kulikuwa na pipa kubwa la chuma ambalo maji yalipashwa ndani yake mchana kutwa kwa mvuke uliozidi mahitaji. Jioni ilipofika, boila zililishwa maji hayo ambayo tayari yalikuwa ya moto sana, badala ya maji baridi, na kwa hiyo zikatoa mvuke mwingi zaidi kwa moto uleule. Ni wazo la chupa ya chai, lililofanywa kwa kipimo cha kiwanda.

Je, taka peke yake zilitosha?

Hapana, na wanaolisimulia jengo hili kama muujiza hulitendea visivyo haki. Kilo moja ya taka za mji wa wakati ule iliweza kugeuza kati ya kilo moja na mbili za maji kuwa mvuke, ilhali kilo moja ya makaa mazuri ya mawe huweza kufanya hivyo kwa kilo nane hadi kumi. Boila za Shoreditch ziliandaliwa ili ziweze kuchochewa kwa makaa ya mawe pia, na katika vituo vya aina hii makaa yalizidi kuwa tegemeo kadiri wateja walivyoongezeka, kwa kuwa wateja waliongezeka upesi kuliko taka.

Hata hivyo hesabu ya haki haimalizikii kwenye mvuke. Kabla ya tanuri, baraza lililipa fedha ili taka zake zichukuliwe na kupelekwa mbali. Baada ya tanuri, gharama hiyo ilipungua, umeme ukauzwa, na joto lililobaki la mvuke likatumika kupasha maji ya bafu za umma zilizokuwa jirani. Kwa mtaa ambao nyumba nyingi hazikuwa na bafu, maji ya moto hayakuwa jambo dogo.

Ni kweli kwamba Lord Kelvin ndiye aliyelifungua?

Ndiyo. Lord Kelvin, ambaye jina lake la kuzaliwa ni William Thomson, alizaliwa Belfast mwaka 1824 na alikuwa mwanafizikia mashuhuri kuliko wote nchini Uingereza wakati huo. Alishiriki katika kazi ya kutandaza waya wa telegrafu chini ya bahari ya Atlantiki, iliyofanikiwa kwa kudumu mwaka 1866, na kipimo cha halijoto kinachoanzia sifuri halisi, yaani baridi kuliko zote, kinaitwa kwa jina lake. Kumwalika mtu wa namna hiyo afungue tanuri la taka la parokia maskini kulikuwa ni tamko: baraza lilitaka kazi yake itazamwe kama sayansi, na yeye alikubali kuitazama hivyo.

Je, hiki kilikuwa kituo cha kwanza cha umeme nchini Uingereza?

La. Mji mdogo wa Godalming ulipata umeme wa umma mwaka 1881 kwa kutumia gurudumu la maji, na mwaka 1882 kampuni ya Thomas Edison ilifungua kituo cha mvuke Holborn Viaduct, London, miezi kadhaa kabla ya kile chake maarufu cha Pearl Street, New York. Parokia ya St Pancras ilianza kuzalisha umeme wake mwaka 1891, miaka sita kabla ya Shoreditch. Hata kuchoma taka ili kupata umeme kulikuwa kumejaribiwa katika miji mingine. Umuhimu wa Shoreditch ni kwamba shughuli zote mbili, kuondoa taka na kuzalisha umeme, zilipangwa pamoja tangu mchoro wa kwanza, kwa kiwango kikubwa, katika jengo moja.

Umeme wake ulitumika kwa kazi gani?

Taa za barabarani na za majumbani kwanza, kisha mashine. Shoreditch ilikuwa kitovu cha useremala wa London. Curtain Road na vichochoro vyake vilijaa karakana za viti, makabati na vitanda, nyingi zikiwa za fundi mmoja na wasaidizi wachache. Fundi wa aina hiyo hakuweza kununua injini ya mvuke wala hakuwa na mahali pa kuiweka. Mota ndogo ya umeme ilikaa pembeni, ikaendesha msumeno, na ikazimwa kazi ilipokwisha. Hiyo ndiyo «vis» iliyoandikwa ukutani.

Kwa nini kilifungwa?

Kilipitwa na ukubwa. Sheria ya mwaka 1926 ilianzisha gridi ya taifa, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 vituo vikubwa vya kando ya Thames, kama Barking na Battersea, viliuza umeme kwa bei ambayo kituo cha mtaa hakikuweza kuifikia. Kilikoma kuzalisha kufikia mwaka 1940. Miaka michache baadaye, tarehe 1 Aprili 1948, sekta nzima ya umeme nchini Uingereza ilitaifishwa.

Ilikuwaje kituo cha umeme kikawa shule ya sarakasi?

Shirika lililoitwa Circus Space lilianzishwa London mwaka 1989 kufundisha sarakasi, na mwaka 1994 lilihamia katika jengo hili, ambalo lilikuwa limekaa miaka mingi bila kazi yake ya asili. Mwaka 2014 lilibadilisha jina na kuwa National Centre for Circus Arts, jina linalotumika mpaka sasa.

Mtu asiyejua sarakasi anaweza kuona uhusiano huu kuwa wa bahati. Lakini fikiria mwanasarakasi anahitaji nini: dari iliyo juu sana, sakafu pana isiyo na nguzo katikati, na mihimili inayoweza kubeba uzito unaovutwa na kutikiswa ghafla wakati mtu anaporuka kutoka bembea moja kwenda nyingine. Majengo ya namna hiyo ni machache mno katika mji, na yanayopatikana huwa yamejengwa kwa ajili ya mashine nzito. Kumbi kuu mbili za shule hiyo zimehifadhi kumbukumbu hiyo katika majina yake: moja huitwa Ukumbi wa Mwako, na nyingine Ukumbi wa Uzalishaji.

Wanafunzi waliofunzwa humo walitumbuiza angani katika onyesho kuu la Millennium Dome, ukumbi mkubwa wa maonyesho ya milenia huko London, mwaka 2000, na shule hiyo iliwaandaa wasanii wenye ulemavu walioshiriki katika ufunguzi wa Michezo ya Paralimpiki ya London mwaka 2012.

Je, hili ndilo jengo la Tate Modern?

Sivyo, ingawa swali hili linarudi kila mara. Tate Modern iko katika kituo cha Bankside, kilichosanifiwa na Giles Gilbert Scott na kujengwa baada ya Vita Kuu ya Pili, kikafungwa mwaka 1981 na kufunguliwa kuwa jumba la sanaa mwaka 2000. Battersea nayo ni ya miaka ya 1930. Yote mawili ni majengo makubwa ya karne ya 20 yaliyotumia makaa ya mawe au mafuta. Shoreditch ni ya kizazi cha babu zao.

Je, kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Wa moja kwa moja, hapana. Wa wakati, upo: Sultani Barghash wa Zanzibar alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na jumba hilo linakumbukwa kuwa la kwanza visiwani kupata taa za umeme. Tofauti iko katika nani aliyewashiwa taa. Unguja nuru ilianzia ikulu. Shoreditch ilianzia kwa maseremala.

Wasomaji kutoka Dar es Salaam na Nairobi huuliza pia kama njia ya Shoreditch ingeweza kufuatwa katika miji yao. Jibu limo katika lile neno «vumbi». Taka za London ya mwaka 1897 zilikuwa kavu na zilijaa makaa, wakati taka za miji yetu, kwa zaidi ya nusu, ni mabaki ya vyakula na majani mabichi, yenye maji ambayo lazima yakauke kabla ya moto kuleta faida yoyote. Kituo cha Reppie mjini Addis Ababa, kilichofunguliwa mwaka 2018, kinachoma taka ili kupata umeme, na kimelazimika kukabiliana na unyevu huo kwa mitambo ambayo Shoreditch haikuihitaji. Anayetaka kuiga jengo hili aanze kwa kupima kilichomo ndani ya pipa.

Mitambo ya zamani bado imo ndani?

Hapana. Matanuri, boila na jenereta ziliondolewa. Kilichobaki ni jengo lenyewe, kumbi zake na maandishi yake.

Naweza kulitembelea?

Si jumba la makumbusho, ni shule inayofanya kazi, kwa hiyo ndani huingii kama mtalii. Shule hutoa maonyesho ya hadhara na madarasa kwa watu wazima na vijana wasio wanasarakasi, na hizo ndizo njia za kuziona kumbi zikiwa na uhai. Uso wa jengo, hata hivyo, uko barabarani na hautozwi kiingilio. Simama ng'ambo ya Coronet Street ili uyasome maandishi vizuri, kisha zunguka kuelekea Pitfield Street, ambako utaona maktaba ya umma ya zamani iliyojengwa miaka hiyohiyo kwa msaada wa mfadhili John Passmore Edwards. Bafu zilizokuwa karibu nayo hazipo tena. Maktaba imesimama, na leo ni ukumbi wa tamthilia.